Magazini iliyojaa haichoshi springi yake

Nikiwa fundi wa silaha, swali hili hunijia kuliko mengine yote: magazini, yaani kasha la risasi linaloingizwa kwenye silaha, ikikaa imejaa kwa miezi, je, springi inayosukuma risasi juu italegea? Kama imetengenezwa vizuri, hapana. Springi huchoshwa na kubanwa na kuachiwa mara nyingi, si kukaa imebanwa.

Mwaka 1678 Robert Hooke alichapisha kanuni yake kwamba springi hurefuka au hufupika kadiri ya nguvu inayoikabili. Kanuni hiyo ina kikomo. Chuma kikibanwa bila kuvuka kikomo hicho, hurudi kilivyokuwa. Kikivuka, hubaki kimepinda. Mtengenezaji makini huchagua waya na idadi ya mikunjo ili springi isifike huko hata magazini ikijaa kabisa. Springi mpya hupungua urefu kidogo inapobanwa mara za mwanzo, na wengi hushtuka wakiiona hivyo, lakini baada ya hapo hutulia. Ni kweli pia kwamba chuma kilichobanwa muda mrefu hulegea polepole. Ila katika joto la kawaida la chumba kulegea huko ni kudogo mno.

Uchovu wa chuma ni jambo jingine kabisa. Kila ukijaza na kufyatua, waya hujipinda na kurudi, na baada ya maelfu ya mara waweza kuanza kupata nyufa ndogo. Kwa hiyo anayetoa risasi kila wiki ili “kuipumzisha” springi anaiongezea kazi bure.

Hadhari yangu ni kwa magazini ndogo zilizoshindiliwa risasi nyingi, ambamo mikunjo inakaribia kugusana. Hapo punguza risasi moja au mbili. Askari wengi wenye bunduki ya M16 hutia risasi 28 katika magazini ya 30, ingawa sababu yao kubwa ni kwamba iliyojaa pomoni huwa ngumu kuingia bolti (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu) ikiwa imefungwa.

Mimi huanza kukagua midomo ya magazini, yaani kingo za juu zinazoshikilia risasi, kabla ya springi. Ya chuma hupinda ikianguka, na ya plastiki yaweza kutanuka kwa kusukumwa na risasi muda mrefu. Kisha natafuta kutu na vumbi.

Bastola ikiacha kubaki wazi (sehemu yake ya juu ikiwa imerudi nyuma) baada ya risasi ya mwisho, au risasi za mwisho zikichelewa kupanda, badilisha springi. Usiivute kwa mikono ili irefuke: utauvusha waya kikomo chake, nayo itafupika tena ukishaijaza mara chache.