Sato Hana Ugomvi na Waini Nyekundu

Wiki hii jambo lilelile limejirudia tena, na safari hii nimeona bora niandike. Dada mmoja alichukua chupa ya waini nyekundu kwa ajili ya chakula cha usiku nyumbani, akalipa, akaondoka. Haikuchukua muda karudi kutafuta nyeupe. Shemeji yake kamwambia kwenye simu kwamba usiku ule ni sato, na nyekundu kwa samaki ni mwiko. Kwa hiyo chupa ya pili, kwa mtu aliyekuja na bajeti ya chupa moja. Nilimsihi abaki na ile aliyokwisha nunua. Alinishukuru kwa adabu, akanunua nyeupe.

Kazi yangu ni waini, na mji wangu ni Mwanza, mji unaokula samaki. Ukiufuata mwiko huo, nyekundu utaifungua siku ya nyama tu, na kwenye nyumba nyingi za huku siku za nyama ni chache kuliko za samaki. Matokeo yake watu wananunua wanachokipenda halafu wanakiweka kabatini mpaka sikukuu, wakati mboga ya kila siku ingekipokea vizuri kabisa. Hilo linaniuma.

Mwiko wenyewe haukuzuka hewani. Umetoka kwenye meza za Ulaya, penye samaki wa baharini aliyepikwa kwa upole, bila viungo vya maana, akakutanishwa na nyekundu nzito iliyokaa muda mrefu kwenye mapipa ya mbao. Ukizikutanisha hizo mbili unapata shombo mdomoni na ladha kama umelamba kijiko cha chuma. Aliyesema hivyo hakudanganya.

Sababu yake ndiyo watu hawaijui. Mwaka 2009 watafiti wa kampuni ya waini ya Mercian, Japani, walitoa matokeo yao baada ya kuonjesha waini nyekundu 38 na nyeupe 26 pamoja na kombe wa baharini. Walichokikuta ni kwamba shombo lilipanda kadiri waini ilivyokuwa na madini ya chuma mengi. Walipoongeza kitu cha kukifunga kile chuma, shombo likapungua. Rudia kusoma hapo. Mkosaji ni chuma, rangi haina kesi. Ni kweli nyekundu nyingi zina chuma kingi kuliko nyeupe, lakini zipo nyekundu zenye chuma kidogo mno, na zipo nyeupe zitakazokuharibia samaki wako vizuri tu.

Na chuma peke yake hakitoshi. Kinahitaji mafuta ya samaki, hasa yale yaliyokwisha kupigwa na hewa. Ndiyo maana samaki wa ziwa letu hawako kundi moja, na mimi siwezi kukupa sheria moja kwa wote. Sato aliyevuliwa alfajiri ana nyama nyeupe, mafuta kidogo, na hayajapata muda wa kuharibika. Huyo hana tatizo. Sangara ana mafuta zaidi, hasa minofu ya tumboni, kwa hiyo kwake nachagua kwa uangalifu. Dagaa wakavu wa pale soko la Mwaloni Kirumba ni habari nyingine kabisa: wameanikwa juani, mafuta yao yote yamekaa hewani, na wanaliwa na kichwa na utumbo. Hao na nyekundu yenye tanini kali, yaani ule ukakasi unaokausha mdomo, mimi mwenyewe nakataza, hata ukiwaunga kwa karanga. Kayabo, samaki wa chumvi aliyekaushwa, vilevile. Sasa angalia jinsi mwiko ulivyo kipofu: unamnyima mtu nyekundu kwa sato wa leo, kisha haumwambii lolote la maana kuhusu dagaa.

Halafu kuna mapishi, na hapa ndipo hoja ya shemeji inapoanguka. Nani Mwanza anampika sato kwa mvuke akampaka siagi? Sato wetu anakatwa mistari ubavuni, anapakwa chumvi, anakaangwa mpaka ngozi ikakamae au anachomwa mkaani mpaka kingo za mkia ziungue. Akienda kwenye rosti anakutana na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikabadilika rangi, nyanya iliyopondeka mpaka mafuta yakajitenga juu, pilipili hoho, kitunguu saumu. Anayekutana na waini mdomoni ni ile nyanya na ile ngozi iliyoungua. Nyanya inataka waini yenye uchachu. Chumvi inaupunguza ukakasi wa tanini. Vyote viwili vinaisaidia nyekundu nyepesi.

Usinichukulie kwa maneno. Jikoni, kabla ya kupakua, chukua kipande kidogo cha sato wa kukaanga bila rosti, usikikamulie ndimu, kitafune, kisha piga funda la nyekundu. Subiri. Shombo haliji mwanzoni, linakuja baada ya kumeza, nyuma ya ulimi na puani. Sasa chukua kipande kingine, kichovye kwenye rosti, kipitishe ndimu, rudia. Watu wengi kwenye kipande cha pili hawalipati kabisa. Wapo ambao hata kwenye cha kwanza hawalipati. Midomo yetu haifanani, na vitabu vinavyopanga chakula na waini kwa majedwali havipendi kulisema hilo. Kama wewe ni wa kundi hilo, chagua unavyotaka na usimsikilize mtu, nami nikiwa mmoja wao.

Kwa chupa yenyewe, kwenye bajeti ndogo kimbilia uchachu na ukimbie tanini. Zilizojaa madukani kwetu ni za Afrika Kusini. Ukiikuta ya zabibu ya Cinsault, ichukue bila kufikiri: nyepesi, ya matunda, na bei yake mara nyingi haitishi. Mtoto wake, Pinotage, alizalishwa Stellenbosch mwaka 1925 na Abraham Perold kwa kupandikiza chavua kati ya Pinot Noir na hiyohiyo Cinsault, ila uwe macho, maana wako wanaoitengeneza nzito na yenye moshi. Moshi huo ni mzuri kwa sangara wa mkaani, si mzuri kwa rosti. Merlot ya kawaida inapita. Cabernet Sauvignon iache kwa ajili ya ng'ombe. Na tusiwasahau wa nyumbani: Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na zabibu nyekundu ya Makutupora inatoa waini kavu, yaani isiyo na utamu, inayokaa vizuri na mchuzi wa nyanya. Usikubali tu kupewa dompo, ile waini tamu ya Dodoma, ukiwa umeomba kavu, ni kinywaji kingine.

Ninachoweza kukuambia kwa uhakika kinaishia hapo, kwa sababu lebo haiandiki kiwango cha chuma. Kinatokana na udongo, na vumbi lililoganda kwenye zabibu, na vyombo vya kiwandani, na kinabadilika mwaka hadi mwaka. Chupa ileile uliyoisifia mwaka jana inaweza kukusaliti mwaka huu. Anayekuhakikishia kwamba aina fulani ya zabibu haitoi shombo kamwe anakuuzia uhakika asiokuwa nao. Na sato wa nazi bado sijapatana naye. Kuna siku tui linailainisha nyekundu vizuri, kuna siku linaifanya ichukue uchungu, na sijaona kanuni inayotenganisha siku hizo.

Sasa jambo la pili linaloniharibia siku, ambalo ni baya kuliko la samaki: "Nyekundu haiwekwi kwenye friji, inanywewa kwa joto la chumba." Chumba cha nani? Kauli hiyo inazungumzia vyumba vya Ulaya vya zamani, visivyopata joto la maana, nyuzi 16 hadi 18 hivi. Sebule ya Igoma yenye bati juu, saa kumi na mbili jioni, haijawahi kuwa nyuzi 18. Mwanza mchana inafika nyuzi 28 bila kutoa jasho, na chupa iliyokaa juu ya kabati imefika nayo. Ukiimimina hivyo, kileo kinapanda puani kabla ya tunda, waini inakuwa kama ina sukari iliyochemka, na uchachu uliokuwa ukiuhitaji kwa nyanya huusikii tena. Nusu ya watu wanaoniambia hawapendi nyekundu hawajawahi kuinywa ikiwa na joto lake. Wameinywa ya moto.

Dawa yake haina gharama. Iweke kwenye friji dakika 30 hadi 40 kabla ya kula. Nyepesi kama Cinsault hata saa nzima, haitadhurika. Yenye tanini nyingi usiipitilize, maana ubaridi unauongeza ukakasi. Umeme umekatika? Ndoo, maji, barafu kidogo, dakika 15. Kama barafu hakuna, funga chupa kwa kitambaa kilicholowa, iweke penye upepo wa ziwa. Itashuka kidogo, na kidogo hicho kinasaidia. Barafu ndani ya glasi ni hapana, inakuongezea maji kwenye kitu ulichokilipia.

Nyama nitaipitia haraka kwa sababu haina ubishi. Ng'ombe wa mchuzi, mishkaki, mbuzi choma: protini na mafuta vinaishika tanini, kwa hiyo hapo ndipo Cabernet na Shiraz za bei nafuu zinapoonekana za bei kubwa. Kuku wa kienyeji anakwenda na zilezile za sato. Pilipili kali inachochewa na kileo na inakwaruzwa na tanini. Kama nyumbani kwenu pilipili ni lazima, nunua nyekundu yenye utamu kidogo, na usimruhusu mtu akutie aibu. Mgagani ni mchungu, na uchungu wa mboga unajumlishwa na wa waini, kwa hiyo upikwe kwa maziwa au uachwe siku hiyo. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, usiijaribu. Chakula kitamu kinaifanya waini kavu ionekane chachu na nyembamba.

Kuhusu hela. Chupa ya mililita 750 ni glasi tano za mililita 150. Boksi la lita 3 ni chupa nne, na kwa kawaida linauzwa chini ya bei ya chupa hizo nne. Mfuko wa ndani unajikunja waini inavyotoka, hewa haiingii, na likikaa kwenye friji linakupa wiki kadhaa. Kwa nyumba ya watu wawili wanaokunywa glasi moja moja na chakula, sioni sababu ya kuona haya boksi. Dharau yote dhidi ya boksi inatoka kwa watu wanaotaka mgeni aone chupa mezani. Ila angalia tarehe iliyopigwa juu yake, kwa sababu boksi halitunzwi mwaka mzima.

Dukani, usinunue chupa iliyosimama kwenye rafu la dirishani linalopigwa na jua, hata kama imepunguzwa bei. Hasa hiyo iliyopunguzwa bei. Shika shingo ya chupa: kizibo kikiwa kimesukumwa juu, au ukiona waini imevuja na kukaukia mdomoni, rudisha. Joto limeshaipika. Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya waini mbaya, kwa chupa ya kunywa mwaka huu mimi ndicho ninachokitafuta.

Ukibakiza, funga, weka kwenye friji, imalize ndani ya siku tatu. Ikipita hapo ipeleke jikoni. Kaanga nyama ya ng'ombe peke yake mpaka ishike rangi, mimina waini nusu kikombe, koroga ukikwangua vilivyoganda chini ya sufuria, iache ichemke mpaka ile harufu kali ya kileo iishe, ndipo uweke nyanya na maji. Ukianza na maji, kileo kitabaki kimejificha kwenye mchuzi, na watoto ndio watakaokuwa wa kwanza kukuambia chakula kina harufu.