Kitufe cha magazini na watu wa mashoto

Kuna hii stori ya miaka mingi eti mtu wa mashoto akishika bastola ya kawaida atateseka kutoa magazini, yaani kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, kisa kitufe cha kuitoa kiko kushoto nyuma ya triga, kimewekwa kwa ajili ya gumba la mkono wa kulia. Nusu kweli. Ila hebu shika kwa kushoto uone, kidole cha shahada kikitoka kwenye triga, na lazima kitoke maana ndio usalama wenyewe, kinaangukia wapi? Palepale jirani na kitufe, unabonyeza, magazini inadondoka na mshiko haujageuka hata kidogo. Anayehangaika ni yule wa kulia mwenye gumba fupi, huyo inabidi azungushe bastola mkononi ndio akifikie, hiyo hawasemi. Ndio maana wapo mashoto ambao hata bastola ya Glock Gen4, yaani toleo la nne, ambayo kitufe chake kinahamishika upande wa pili, wanakiacha kilipo. Na Makarov, ile bastola ya Kirusi, ndio kabisa, lachi, yaani kile kishikizo cha kuachia magazini, iko chini ya mpini kwa nyuma, unavuta kwa mkono ule mwingine, mashoto au kulia wote mnachelewa sawa tu.