Takti ni nini, maana tunaichanganya sana

Juzi niko kwenye karakana moja ya madawati huku Kizota, Dodoma, supavaiza anamfokea dogo wa kuchomelea, "takti yako imefika dakika 12, ipunguze!" Mwezi huu nimeisikia mara nne au tano, nikaona bora niandike.

Takti ni muda wa kazi uliopo, gawanya kwa idadi ya vitu wateja wanavyotaka. Basi. Zamu ina dakika 450 ukitoa mapumziko, oda ni madawati 45 kwa siku, takti ni dakika 10, kila dakika 10 dawati litoke.

Sasa neno lenyewe. Ni la Kijerumani, Takt, mapigo ya muziki, na asili yake Kilatini tactus, kugusa. Hata kile kijiti cha mwongoza kwaya wanakiita Taktstock. Miaka ya 1930 viwanda vya ndege vya Ujerumani vilikuwa vinasogeza bodi za ndege zote kwa pamoja, muda ukifika kila moja inahamia kituo kinachofuata, Wajapani wakalibeba neno, Toyota ndo wakalipa umaarufu. Sisi wa Ugogoni hatuna sababu ya kukosea hapa jamani, wamama wakishaipiga muheme, ngoma yetu ya Kigogo, wachezaji wote wanafuata, hujawahi kuona mchezaji ana pigo lake peke yake. Kiwandani anayepiga ngoma ni mteja.

Zile dakika 12 ni muda wa dogo kumaliza fremu moja, wengine wanauita saikotaimu, huo ndo unapunguzika. Takti haibadiliki mpaka oda au saa za zamu zibadilike.

Na ukizichanganya hata kupanga watu unakosea. Dawati zima linakula dakika 36 za kazi, kukata mpaka rangi, gawanya kwa 10 unapata 3.6, weka watu 4. Oda ikishuka 25, takti inakuwa 18, watu 2 wanatosha (wamebanwa kweli, hata chai shida) ila wawe wanajua kuchomelea na kufunga mbao pia, na meza zikae kama herufi U ili mtu ageuke tu ashike kazi nyingine. Hiyo ndo laini nyumbufu, yaani inayoongeza na kupunguza watu kufuata oda, mengine mbwembwe.

Kwa hiyo bosi wangu, kwa heshima zote, dogo hana takti yake. Mwambie amepitwa na takti kwa dakika 2, afu umsogezee vyuma, maana nilimhesabu, kila fremu anatoka mara tatu kuvifuata kule chini ya mwarobaini.