Je, wajua kwa nini utaalamu wa taka kutoka Japani hufika na mabomba yenye matundu, si tanuri?

Ukitajiwa ushirikiano wa serikali ya Kenya na ya Japani kuhusu taka, haraka unawaza mtambo: tanuri kubwa, dohani ndefu, umeme ukitoka upande wa pili na waziri akikata utepe. Wazo hilo halikuzuka hewani. Japani huchoma zaidi ya robo tatu ya taka za miji yake. Ingekuwa ajabu isilete kile inachokijua zaidi.

Basi ndiyo ajabu yenyewe. Katika jaa la Kang'oki, Thika, ambako mbinu ya Kijapani ilijaribiwa kupitia UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao yake papa hapa Gigiri, Nairobi, kilicholetwa ni ujuzi wa kupanga mawe na mabomba yaliyotobolewa.

Tanuri lina tatizo moja ambalo pesa za msaada haziliondoi: taka za Nairobi ni chepechepe. Zaidi ya nusu ni mabaki ya vyakula, yaani maganda ya ndizi, mabua ya sukuma wiki, matunda yaliyooza katika soko la Marikiti. Kabla ya kitu kama hicho kuwaka, lazima maji yake yageuzwe mvuke, na kazi hiyo hula sehemu kubwa ya joto lililotarajiwa kuzalisha umeme. Halafu kuna kuchuja moshi, vipuri, na mafundi wa zamu ya usiku. Haimaanishi kuwa haiwezekani. Addis Ababa ilizindua mtambo wake wa Reppie mwaka 2018. Ila kununua tanuri ndiyo sehemu rahisi, na bili zinazofuata hulipwa na kaunti.

Mbinu ya mabomba huitwa Fukuoka, kwa jina la jiji ambalo, pamoja na Chuo Kikuu cha Fukuoka, liliibuni miaka ya 1970. Chini ya jaa hulazwa bomba nene lenye matundu, likazungushiwa mawe. Kazi yake inayoonekana ni kutoa yale maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye taka. Lakini bomba hufanywa pana kuliko maji yanavyohitaji, na mdomo wake huachwa wazi. Nusu ya juu hubaki tupu, na utupu huo ndio siri yote.

Fikiria jiko la makaa. Hakuna anayelipuliza siku nzima. Makaa yakishika moto, hewa iliyo juu yake hupata joto na kupanda, na nafasi yake hujazwa na hewa baridi inayoingia kwa kile kimlango cha chini. Ukikifunga, moto hufifia. Jaa nalo lina joto lake: taka zinapooza, ndani huweza kufika nyuzi 50 na zaidi. Hewa moto hupanda na kutokea kwenye mabomba ya wima, na hewa safi huvutwa kupitia mdomo wa bomba la chini. Hakuna feni, hakuna umeme. Na kama jiko, majivu yakiziba kimlango mambo huharibika: bwawa la maji meusi likipanda hadi kuuzamisha mdomo wa bomba, au tope la mvua za masika likiuziba, jaa hukosa hewa.

Kwa nini hewa? Bakteria wanaopata oksijeni huozesha taka upesi na kutoa hewa ya ukaa. Wanaoikosa hutoa methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huipasha dunia joto mara 28 hivi zaidi, uzani kwa uzani. Hapo ndipo dhana nyingine huanguka, kwamba jaa lililoshindiliwa na kufunikwa barabara ndilo salama kwa hali ya hewa. Miongozo ya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, ya mwaka 2006 hulipatia jaa la namna hiyo kipimo cha 1.0 cha methani (kikiwa kidogo, methani inayotarajiwa ni kidogo), lundo refu lisilosimamiwa 0.8, na jaa la Fukuoka 0.5. Lundo la ovyo linalishinda jaa nadhifu! (Kwa methani tu, usinywe maji ya karibu nalo.) Na hiyo 0.5 ni makisio ya jumla yanayotumika pale vipimo vinapokosekana, hivyo si ahadi kwa kila jaa.

Jaa la Dandora, Nairobi, lililoanza miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lina ugumu wake. Huwezi kulaza bomba chini ya mlima ambao tayari umesimama. Kwenye malundo ya zamani kinachowezekana ni kupunguza mwinamo wa kingo, kuchimbia mabomba ya wima na kuyapa maji njia ya kutoka. Hatua za aina hiyo zilihitajika Koshe, Addis Ababa, baada ya lundo kuporomoka Machi 2017 na kuua zaidi ya watu 110, na Japani ilisaidia kazi hiyo kupitia UN-Habitat. Mbinu kamili inahitaji eneo jipya la kuanzia chini, na Nairobi imetafuta eneo kama hilo kwa miaka mingi.