Namna nyuzi za asbesto zinavyoharibu mapafu

Watu wengi hudhani kwamba asbesto, madini ya nyuzi yaliyotumika kutengenezea mabati ya paa, hudhuru kama sumu inayoingia katika damu. Mimi ni daktari wa magonjwa ya kifua, na dhana hiyo huirekebisha mapema kila ninapozungumza na mafundi, kwa kuwa madhara ya madini haya hutokana zaidi na umbo lake na ukaidi wake wa kutoyeyuka.

Jiwe la asbesto likivunjwa, au bati lake likikatwa kwa msumeno, hupasuka kwa urefu na kutoa nyuzi ambazo nazo hupasuka tena kuwa nyembamba zaidi. Vumbi la kawaida lenye chembe kubwa hunaswa puani na kooni, kisha ute na vinyweleo vya njia ya hewa hulisukuma juu hadi litemwe au limezwe. Uzi wa asbesto hukwepa ulinzi huo kwa sababu kinachoamua ufike wapi ni unene wake kuliko urefu: ukiwa na unene usiozidi mikromita 3 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), husafiri ukiwa umelala sambamba na mkondo wa hewa na kufika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, hata kama urefu wake ni mara kumi ya unene huo.

Huko hukutana na makrofaji, seli ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Uzi mfupi humezwa na kuondolewa. Uzi wenye urefu wa mikromita 20 au zaidi hauenei ndani ya seli, na seli hiyo, ikiwa imeukumbatia nusunusu, humwaga nje vimeng'enya na oksijeni kali iliyokusudiwa kuua vijidudu, ikaunguza tishu za jirani na hatimaye ikafa yenyewe. Uzi hubaki palepale, na seli nyingine huja kujaribu. Madini ya chuma yaliyomo katika asbesto ya bluu na ya kahawia huchochea zaidi uzalishaji wa oksijeni hiyo. Chini ya hadubini tunaona baadhi ya nyuzi zimevikwa tabaka la protini na chuma, zikiwa na rangi ya dhahabu iliyokolea na vinundu kwenye ncha. Tukizipaka rangi maalumu ya kutambua chuma, hugeuka bluu. Nyuzi nyingi, hata hivyo, hubaki bila vazi hilo na hazionekani kwa hadubini ya kawaida.

Uvimbe huu wa tishu zilizounguzwa, usiokoma, huita seli zinazotengeneza makovu. Makovu huanza kuzunguka njia ndogo za hewa, hasa sehemu za chini za mapafu, na huweza kuendelea kuenea miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi ya vumbi. Huo ndio ugonjwa wa asbestosisi. Mgonjwa huishiwa pumzi anapopanda ngazi, naye daktari akiweka stethoskopu mgongoni, chini, husikia mwishoni mwa kuvuta pumzi mchakacho mwembamba kama wa nywele zinazosuguliwa karibu na sikio.

Saratani ya mapafu ni jambo jingine, na hapa sigara ina neno. Utafiti wa wafanyakazi wa Marekani waliofunga vihami joto, uliochapishwa mwaka 1979, ulionyesha kwamba asbesto peke yake iliongeza vifo vya saratani hiyo takriban mara 5, sigara peke yake mara 11, na vyote viwili kwa pamoja zaidi ya mara 50.

Mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, haitegemei sigara. Nyuzi hupenya hadi kwenye utando huo, zile ndefu hukwama kwenye vitundu vinavyoondoa majimaji kifuani, na huko huchokoza seli kwa miongo mingi huku zikiharibu kromosomu wakati seli zinapogawanyika. Kati ya kuvuta vumbi na kuugua hupita kwa kawaida miaka 20 hadi 50. Uhusiano huu ulithibitika mwaka 1960, daktari mtafiti J. C. Wagner na wenzake walipoeleza wagonjwa 33 wa Afrika Kusini, wengi wao kutoka eneo la machimbo ya asbesto ya bluu huko Rasi ya Kaskazini. Baadhi yao hawakuwahi kuchimba; waliishi tu karibu na machimbo, na wengine walicheza huko utotoni.

Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, lakini mapaa ya zamani bado yapo. Bati zima lisiloguswa hutoa nyuzi chache mno. Hatari huja linapotobolewa, linapovunjwa au vumbi lake linapofagiliwa likiwa kavu. Kwetu, mzee mwenye maji upande mmoja wa kifua hushukiwa kwanza kuwa na kifua kikuu, na kwa haki, kwa sababu ndicho kilicho kingi. Hata hivyo, vipimo vya kifua kikuu visipothibitisha chochote na maji yakarudi baada ya kutolewa, huenda ni mesotelioma, nami ninasisitiza aulizwe alifanya kazi gani ujanani. Akiwa ni mama, aulizwe pia nguo za kazi za mumewe, zenye vumbi, alizifua nani.