Kasoma Usiku Kucha, Mbona Hakumbuki?

Mitihani ya kidato cha nne inapokaribia, sisi tunaofundisha saikolojia ya elimu hapa Dar es Salaam huulizwa swali lilelile na wazazi. Mtoto anatoka shule, anapitia tuisheni, anafika Mbagala au Gongo la Mboto giza limeshaingia, kisha anakaa na daftari mpaka saa saba usiku. Kesho yake kwenye jaribio hakumbuki kitu. Je, ana akili nzito?

Mara nyingi sivyo. Tumemwambia asome, hatukumwonyesha namna ya kusoma.

Mtazame akiwa mezani. Anausoma ukurasa, anaurudia, anapigia mistari kwa kalamu ya rangi. Akifika mara ya tatu, kila sentensi anaiona kama kitu anachokijua zamani, na wepesi huo anaudhani ndio kujua. Lakini kukitambua kitu kilicho mbele ya macho ni kazi moja. Kukitoa kichwani daftari likiwa limefungwa ni kazi nyingine kabisa. Mtihani unadai hiyo ya pili, naye usiku kucha amefanya ile ya kwanza.

Mwaka 2006, watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kundi moja lilisoma habari fupi kwa vipindi vinne. Jingine liliisoma kwa kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likaandika kila lililokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40 hivi, na waliojipima asilimia 61. Linalonisikitisha zaidi ni hili: waliosoma tu ndio waliotabiri kwamba wangekumbuka sana. Ndiyo maana simlaumu mtoto anayeapa kwamba alisoma. Alisoma kweli.

Kwa watu wa Pwani njia hii si ngeni. Madrasa, mtoto hapimwi kwa kuutazama msahafu. Anaufunga, anamsomea mwalimu kwa moyo, akikwama anatajiwa neno, anaendelea. Siku nyingine anarudishwa kwenye sura ya nyuma kabla haijampotea. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio ya kumbukumbu na kuyachapisha mwaka 1885, alionyesha kwamba usahaulifu huenda kasi mno saa za mwanzo, kisha hupungua; na kwamba marudio yaliyogawanywa kwa siku kadhaa hushinda yaliyorundikwa siku moja. Nusu saa ya biolojia Jumatatu, Alhamisi na Jumatatu inayofuata ina faida kuliko saa moja na nusu ya mkesha, ambayo pia inamnyima mtoto usingizi, na usingizi ndio wakati ubongo unapoyaimarisha yaliyosomwa.

Kuna shida nyingine ambayo hatuisemi vya kutosha. Watoto wetu wengi wanasoma msingi kwa Kiswahili, wakiingia sekondari masomo yanageuka Kiingereza. Hapo mtoto anaweza kuikariri maana ya osmosisi, yaani maji kupenya utando mwembamba kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi, neno kwa neno, akapata alama, na asijue inahusu nini. Mwambie aeleze kwa Kiswahili cha nyumbani kwa nini samaki akipakwa chumvi anatoa maji kabla hata hajaanikwa juani kuwa ng'onda. Akiweza, ameelewa. Akibabaika, yeye mwenyewe ameshaliona pengo lake, na huko kuliona pengo ni stadi kubwa ya kufikiri. Mwanasaikolojia John Flavell aliizungumzia sana miaka ya 1970: mtu kuzichunguza fikra zake mwenyewe, kujua anachokijua na asichokijua. Mzoeshe kuandika kwanza anadhani atapata ngapi, ndipo afanye maswali ya mitihani iliyopita na kusahihisha. Tofauti ya namba hizo mbili itamwonyesha pa kurudi.

Wewe mzazi, si lazima ujue kemia. Mama mmoja anayekaanga mihogo jioni alinieleza anavyofanya: binti anamenya, daftari limebaki ndani, naye anamuuliza, "Leo mmefundishwa nini? Kwa nini iko hivyo? Na ile ya wiki iliyopita?" Binti akikwama, anaruhusiwa kukimbilia ndani kuangalia, ila akirudi lazima aanze kueleza upya, tangu mwanzo.