Si kweli kwamba Q haikai bila U

Wengi tulifundishwa kwamba katika Kiingereza Q lazima ifuatwe na U. Basi kwenye fumbo la kukisia neno la Kiingereza la herufi tano, U ikishakataliwa, yaani ikijulikana haimo katika neno, mtu anaifuta na Q papo hapo. Hapo anajinyima maneno halali. Tazama niqab: n-i-q-a-b, herufi tano kamili, na baada ya Q inakuja A. Talaq linaishia na Q yenyewe. Kuna pia faqir, na qanat, mfereji wa maji wa chini ya ardhi.

Haya yana asili ya Kiarabu, na Q yake inasimamia herufi qaf. Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa, maana tayari anazo nikabu, talaka na fakiri. QU ndiyo kawaida, sikatai, kama katika queen na quiet.